Hatua za Mwalimu Ziko Mguuni kwa Fundi

Nianze kwa kulalamika, maana nisipolalamika mapema hawa watu watanifunika. Benchi lililo barazani kwangu ni la wateja. Nililinunua mimi kinyozi, kwa jasho langu, ili anayesubiri kunyolewa apate pa kukaa. Huu mwaka wa saba, sijawahi kuona mteja amelikalia. Wanalikalia wao. Kuna Mwalimu Ramani, mstaafu wa kufundisha jiografia, mwenye nywele kumi na mbili kichwani na hataki ziguswe. Kuna Vichwa, muuza magazeti. Kuna Mama Birika, ambaye aliniomba aweke jiko lake la kahawa kwenye nguzo yangu kwa siku moja tu, mvua ilikuwa inanyesha. Mvua ilikatika, jiko liko pale pale. Na kuna Fundi Keshokutwa, mshona nguo, cherehani yake iko mlango wa pili, baraza hii hii, lakini mdomo wake unashinda kwangu.

Alhamisi ile asubuhi Vichwa alifika anapunga gazeti kama mtu anayefukuza nyuki.

"Wazee, inukeni kwenye viti!"

"Una wazimu?" Mama Birika akamwuliza. "Watu hawajamaliza hata kikombe cha kwanza."

"Si mimi, ni gazeti. Ukurasa wa mbele, herufi kubwa: WAZEE, INUKENI KWENYE VITI! Kuna daktari anasema kiti kinaua."

"Kinaua vipi? Kinang'ata?" Fundi akadakia huku anashona.

"Kinaua taratibu."

"Habari yenyewe inasemaje huko ndani?"

Vichwa akalikunja gazeti upesi, akalibana kwapani. "Mimi nauza, sisomi. Ya ndani ni ya aliyenunua."

Sasa mmejua jina lake limetoka wapi.

"Kama kiti kinaua," nikasema mimi, wembe mkononi, "basi benchi langu ni goigoi. Miaka saba halijamaliza hata mmoja wenu."

"Maneno ya watu wa kliniki hayo," Fundi akasema. "Babu yangu aliishi miaka tisini na minane, amekaa. Aliinuka mara mbili tu. Ya kwanza alikwenda kuoa."

"Na ya pili?"

"Alikwenda kuoa tena."

"Muongo mkubwa wewe!"

"Kamwulize."

"Nikamwulize wapi, na alishakufa?"

"Basi huna ushahidi."

Mama Birika akageuka na birika lake, akamjazia Mwalimu kikombe. "Msimtishe Mwalimu wangu. Habari hiyo haimhusu hata kidogo. Juzi ulitembea hatua ngapi, Mwalimu?"

Mwalimu akajikohoza. "Elfu ishirini na mbili."

"Na ulikuwa umekaa wapi?"

"Hapa hapa."

Tulicheka mpaka jiko la Mama Birika likapulizwa na pumzi zetu. Halafu, kama ilivyo desturi yetu kila asubuhi, tukainama sote kuchungulia chini ya cherehani. Mguu wa kulia wa Fundi ulikuwa juu ya kikanyagio, unapanda, unashuka, unapanda, unashuka. Juu kidogo ya kifundo alikuwa amefungwa saa nyeusi yenye kitaa cha kijani kinachopepesa.

Saa hiyo ni ya Mwalimu. Na mkasa wake ni huu.

Mwalimu ana watoto watatu, wote wako mbali. Wa mwisho, binti, kazi yake ni kupima barabara, na mtu wa kupima anataka kila kitu kipimike. Daktari aliposema presha ya Mwalimu imepanda kidogo na dawa yake kubwa ni kutembea, binti akanunua saa ile akaituma kwa basi. Saa inahesabu hatua na mapigo ya moyo. Inazungumza na simu ya Mwalimu, simu ya Mwalimu inazungumza na simu ya binti, na binti, huko aliko, mwendo wa siku nzima kwa basi, anajua kama baba yake yuko wima au amekaa.

Siku tatu za mwanzo Mwalimu aliivaa mwenyewe. Hatua mia tatu na tisini kwa siku. Kitandani, msalani, benchini kwangu, basi. Aibu ikamshika, mtu mzima kaandikiwa mia tatu na tisini kama alama za mtihani. Ndipo Fundi, mwenye kiherehere chake, akasema: "Lete hiyo saa nikuazime mguu." Jioni hiyo ikasoma elfu kumi na nane. Watoto nusura wachinje ng'ombe. Na sisi tukapata burudani ya miezi miwili. Mwalimu alikuwa akichukua ramani yake ya zamani ya darasani, anatuonyesha kwa kijiti Fundi amefika wapi.

"Leo umevuka mto wa tatu," alikuwa akimwambia. "Umeshaingia nchi jirani, bila pasi, na gauni la mteja bado halina ukosi."

Lakini Alhamisi hiyo hakuleta ramani. Alishika kikombe mpaka kahawa ikapoa, na mtu anayeacha kahawa ya Mama Birika ipoe ana msiba au ana deni la moyo.

"Mwalimu, vipi?" nikamwuliza. "Mbona umekunjika?"

"Nimepatikana."

"Umepatikana na nani?"

Akatoa simu, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo waliosahau miwani, akasoma: "'Baba, shikamoo. Kila Jumamosi saa kumi jioni moyo wako unakwenda mbio sana. Wiki nane mfululizo. Sisi watoto tumekaa kikao. Kama kuna mtu, tuambie tu, hatutakasirika. Nakuja Jumamosi hii.'"

Vichwa akapiga kofi paja lake. "Mtu! Wanasema kuna mtu! Mwalimu, una mchumba?"

"Mchumba gani, na mimi Jumamosi saa kumi niko hapa nakutazama wewe sura yako?"

"Ngoja, ngoja," Mama Birika akasema, kidole hewani. "Jumamosi saa kumi moyo wa nani unakwenda mbio?"

Tukageuza shingo taratibu, sote kwa pamoja. Fundi akaacha kukanyaga.

Kila mtu wa mtaa huu anajua Jumamosi saa kumi kuna nini kwa Fundi Keshokutwa. Ndiyo saa ya wateja kuja kuchukua nguo zao za Jumapili. Na saa hiyo Fundi huwa ana nguo ngapi zilizo tayari? Hana hata moja. Nimeshamwona akijificha ndani ya pazia alilokuwa analishona.

"Sasa mnanitazamia nini?" Fundi akafoka. "Kazi yangu ina presha!"

"Kwa hiyo," Vichwa akasema huku anafuta machozi ya kicheko, "watoto wa mtu wameketi kikao, wamejadili harusi ya baba yao, kumbe ni mama fulani anadai sketi!"

Tukacheka upya. Mwalimu hakucheka. Mama Birika ndiye aliyeona kwanza, akanipiga kiwiko.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "si umweleze tu mwanao ukweli? Ukiri, yaishe."

"Nikikiri atanivalisha mwenyewe."

"Basi uvae, utembee. Si kwa faida yako?"

"Nitembee na nani?" Mwalimu akaweka kikombe. "Miaka thelathini na nne nilikuwa natembea na mama yao, kila jioni, mpaka kwenye kona ile ya tangi la maji na kurudi. Yeye anasema, mimi naitikia. Tangu ametangulia, mwaka wa tatu huu, nikifika getini miguu inaniuliza, tunakwenda wapi? Nakosa jibu. Narudi nakaa."

Hakuna aliyemtania hapo. Hata Vichwa alitazama viatu vyake.

"Tena hilo nimelizoea," Mwalimu akaendelea. "Kinachoniuma ni simu. Kabla ya hii saa, mtoto yule alikuwa ananipigia kila siku, saa moja asubuhi. Baba, umeamkaje? Umekula nini? Goti linasemaje? Namdanganya kwamba nimekula vizuri, anajua kwamba namdanganya, ananigombeza, tunacheka. Sasa ana haja gani ya kuuliza? Anatazama kwenye simu yake, anaona baba mzima, katembea elfu ishirini. Mimi natuma hatua elfu ishirini, narudishiwa picha ya kidole gumba. Kimoja!"

"Basi ivae mwenyewe," nikamwambia. "Ikisoma mia tatu na tisini, atapiga kukugombeza."

"Nilijaribu Jumanne iliyopita. Nikakaa nayo kutwa nzima, nasubiri kugombezwa. Saa ikatetemeka mkononi, nikatazama, imeandika: Umekaa sana, inuka. Yaani saa ndiyo inayonigombeza! Mtoto ameajiri mtu wa kumgombeza baba yake!"

"Je, ukiitundika msumarini?" Vichwa akauliza. "Isome sifuri. Watakupigia wote watatu."

"Umesahau siku ile Fundi alipoivua akaenda kuoga? Dakika ishirini haina mapigo, mwanangu mkubwa akampigia jirani, aje atazame kama nimekufa. Alimpigia jirani, bwana Vichwa. Si mimi."

"Ungepokeaje, na wewe marehemu?" Fundi akasema, Mama Birika akamtishia na birika.

"Mimi nina njia," Vichwa akasema. "Anakuja kutafuta mchumba, tumpe mchumba. Mama Birika, vaa kitenge chako kizuri Jumamosi, ukae karibu na Mwalimu, uwe unatabasamu kidogo..."

"Rudia," Mama Birika akasema, ameshainua birika juu ya goti lake.

"Nimesahau nilichokuwa nasema."

Tukaafikiana hivi. Basi la binti linafika saa kumi na moja. Jumamosi saa tisa kamili Fundi avue saa, Mwalimu aivae, azunguke kidogo barazani apate jasho, binti akija amkute baba yake na saa yake. Mambo ya moyo kwenda mbio tutasema ni kahawa. Mpango ulikuwa mzuri. Kasoro yake ni moja, na sote ni watu wazima, tulipaswa kuiona. Tulimwachia Fundi Keshokutwa kazi yenye saa maalumu.

Jumamosi saa tisa Mwalimu alisimama mbele ya cherehani, amenyoosha mkono.

"Fundi, vua."

"Dakika mbili, Mwalimu. Namalizia mshono huu."

Saa tisa na robo: "Fundi!"

"Huu huu wa mwisho. Nikisimama sasa uzi unakatika, na mwenye gauni yuko njiani. Bibi harusi huyo, kesho harusi. Gauni lina mkono mmoja."

"Ninyooshee mguu nikuvue mwenyewe."

"Mguu ndio unaoshona, Mwalimu! Utanishonesha kidole!"

Mshono ukazaa mshono. Saa tisa na nusu, mimi nina mteja ndani, nimeshamnyoa nusu ya kichwa, nikasikia nje, "Shikamooni wazee wangu." Nikachungulia. Msichana mrefu, begi mgongoni, simu mkononi, macho ya Mwalimu kabisa usoni kwake. Miaka yote basi lile linachelewa, siku hiyo limewahi.

"Marahaba, marahaba," wote wakaitikia kwa pamoja, haraka haraka, sauti za watu walioiba.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Umefikaje? Mama Birika, kahawa! Mbona umekonda?"

Mwalimu aliuficha mkono wa kushoto mfukoni. Binti akamtazama juu mpaka chini, akamtazama Mama Birika, akamtazama tena Mama Birika. Mama Birika akageukia jiko lake, anapuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Hapo ndipo alipotokea mama wa bibi harusi. Tulimsikia kabla ya kumwona.

"Fundi! Liko wapi?"

"Mama, karibu, liko tayari, kasoro kidogo tu..."

Akalinyanyua gauni kwenye cherehani. "Mkono mmoja! Mwanangu ana mikono mingapi?"

"Miwili, mama."

"Ulipompima ulihesabu mingapi?"

"Miwili, mama."

"Basi huu mwingine ataazima kwa nani?"

Tii-tii, simu ya binti ikalia. Akaitazama. "Baba," akasema polepole, "moyo wako uko mia na kumi."

"Aa, ni furaha tu ya kukuona," Mwalimu akasema, na akanywa kahawa funda moja, ametulia.

"Mwezi mzima unaniambia keshokutwa!" mama wa bibi harusi akanguruma.

"Mia na ishirini na sita! Baba!"

"Binti yangu," Vichwa akaingilia, "baba yako moyo wake ni wa ndani kwa ndani. Nje huwezi kuona kitu."

Mama wa bibi harusi akapiga ngumi juu ya cherehani, makasi yakaruka. Simu ya binti ikapiga kelele, akasoma kwa sauti: "Mapigo yamezidi! Kaa chini upumzike! Baba, kaa chini!"

"Nimekaa, mwanangu."

"Kaa chini zaidi!"

Mteja wangu alishatoka nje, shuka langu shingoni, nusu ya kichwa ina nywele, nusu inang'aa. Akakaa kwenye benchi apate kuona vizuri. Mteja wa kwanza katika miaka saba, na nilikosa hata nafasi ya kufurahi.

Fundi alifanya anachofanya kila Jumamosi. Alikimbia. Lakini alinyanyuka vibaya, suruali ikanasa kwenye gurudumu la cherehani, ikapanda mpaka gotini, na pale katikati ya baraza, mbele ya macho ya watu wote, kitaa cha kijani kikawa kinapepesa kwenye kifundo chake.

Binti akatazama kifundo. Akatazama simu. Fundi anahema, simu inasoma mia na arobaini na moja.

"Baba."

"Naam, mwanangu."

"Mbona moyo wako uko mguuni kwa mtu?"

Mama wa bibi harusi akamshika binti bega kwa huruma. "Pole, mwanangu. Na wewe amekuharibia nguo gani?"

Nilitegemea Mwalimu atatunga kitu. Ni mwalimu, amesikia uongo wa wanafunzi miaka thelathini na tano, hawezi kukosa hata mmoja wa kuazima. Akatoa mkono mfukoni, mtupu, akauweka gotini.

"Mwanangu, nimekudanganya," akasema. "Hatua hizo si zangu. Mimi sijavuka hata barabara. Nilianza kwa aibu, nikaendelea kwa utani. Sasa nimechoka. Ulipokuwa hujui hali yangu, ulikuwa unaniuliza. Ulipoanza kuijua, ukanyamaza. Mimi sikuhitaji kujulikana, mama. Nilihitaji kuulizwa."

Mama Birika akajifuta uso kwa kitambaa cha masizi. Hakujali.

Binti alikaa chini kwenye sakafu yangu, karibu na magoti ya baba yake, na begi lake mgongoni. "Baba, mbona hukuniambia? Mimi kila asubuhi saa moja nashika simu nikupigie. Naangalia, naona unatembea. Nasema nisimkatize. Narudia saa nne, unatembea. Saa saba, unatembea! Nikasema baba yangu amepata maisha mapya, hana nafasi na mimi. Ndiyo maana nilipoona mambo ya Jumamosi..." Akamtupia jicho tena Mama Birika.

"Sio mimi!" Mama Birika akasema. "Kwa nini wote mnafikiria mimi?"

"Kwa hiyo aliyenikosesha simu," Mwalimu akasema, sijui kwa kicheko au kwa kilio, "ni mguu wa Fundi."

Binti akacheka, machozi yanamtoka, akalaza kichwa chake gotini kwa baba yake kama alivyokuwa akifanya, nadhani, alipokuwa mdogo. Mama wa bibi harusi alifungua mkoba, akatoa simu, akasogea pembeni. Nikamsikia: "Mama? Shikamoo mama. Hapana, hakuna kitu. Nilitaka kukusikia tu." Alipomaliza akarudi, akamshika Fundi kola, na ugomvi ukaendelea pale pale ulipokuwa umeachwa.

Ila binti aliuingilia. "Mama, naomba dakika moja. Baba mdogo," akamwambia Fundi, "hebu kaa. Wiki nane hizi nimekosa usingizi kwa ajili ya moyo huu, kumbe ni wako. Mara ya mwisho kupima presha ilikuwa lini?"

"Presha?" Fundi akasema. "Mimi napima viuno na mabega. Presha sijui wanapimia futi gani."

"Jumatatu unakwenda kliniki."

"Keshokutwa basi..."

"Keshokutwa ndiyo Jumatatu!"

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Fundi alikosa pa kuchomokea.

Jioni hiyo Mwalimu na binti yake waliondoka kwa miguu. Niliwafuatilia kwa macho mpaka walipopita geti lao wakaendelea mbele, upande wa kona ya tangi la maji. Binti anasema, Mwalimu anaitikia.

Asubuhi ya Jumapili binti aliondoka, akaacha sheria mbili. Saa abaki nayo Fundi, maana mwenye kuihitaji ndiye huyo. Na Mwalimu atapigiwa saa moja kila asubuhi, kama zamani, ila azungumze anatembea. Akikaa, binti atasikia kwenye pumzi yake na atakata.

Siku ya tatu, Jumanne, saa moja kasoro dakika tano, tulikuwa sote barazani. Mwalimu amesimama, kola imenyooshwa, simu mkononi kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Ikalia. Akapokea, akaanza safari, anakwenda mpaka kwa muuza mkaa na kurudi, anajisifu amekula mayai mawili. Tunamjua, hakula hata moja.

Alipofika mzunguko wa nne, uso ukabadilika. "Nani? Fundi? Wa nini? Aa, haya." Akamtupia Fundi simu. "Anakutaka wewe."

Fundi akapokea kwa mikono miwili. "Marahaba, mwanangu! Ndiyo... dawa za kliniki nimezimeza, ndiyo, baada ya kula... Chumvi? Nimepunguza... Eh, usingizi sasa mzuri, nakushukuru sana mama..."

Mwalimu akakaa benchini kwa kishindo. "Mnaona? Nilimwazima saa, kanichukulia na mtoto."

"Wivu huo, Mwalimu," Mama Birika akasema. "Moyo wako ungepimwa sasa hivi tungekimbia sote."

Dakika moja, mbili, tatu. Halafu Fundi akaishusha simu, akaitazama. "Imekatika."

"Alikuwa anasemaje?"

"Ninywe maji mengi, nilale mapema, nipunguze ahadi za uongo."

"Na mimi je? Hatujamaliza! Nilikuwa sijamweleza habari za goti! Amesema atanipigia lini?"

Fundi akafikiri kidogo. Mtu wa kusema "sijui" angesema sijui, lakini miaka ishirini ya kazi ile si mchezo, mdomo ulijifungukia wenyewe.

"Keshokutwa," akasema.

Mwalimu akafumba macho. Kabla hajayafumbua, simu ikalia mkononi mwa Fundi. Fundi akatazama jina, akatutazama sisi, mdomo wazi.

"Jamani," akasema, "hii ndiyo ahadi yangu ya kwanza kutimia kabla ya siku yake!"

Mwalimu alishampokonya simu na kuondoka nayo. "Nimesimama, mwanangu, nimesimama! Sikukaa mimi, nani kakuambia nilikaa?" Akapita kwa muuza mkaa, akapita geti lake, hakugeuka. Vichwa akachukua magazeti yake, Fundi akarudi kwenye cherehani, Mama Birika akaenda kuchota maji. Benchi langu likabaki tupu, na mteja hakuna.